Mvua, Moyo, Sigara

Jumatatu, 11 Aprili 1994

Nesi Hellen wa zahanati, mtu wa Dodoma, kanipa dawa ya ajabu: daftari! Nilimweleza kwamba kila masika roho yangu inakuwa nzito, ndiyo maana navuta, ili ichangamke. Akauliza mbona basi haichangamki. Swali la kitoto. Kaniagiza kila siku niandike mvua, moyo na sigara.

Mvua: haijakata tangu juzi. Moyo: mzito. Sigara: mbili. (Tisa.)

Mke wangu Tusekile kasema akinusa moshi tena, anamchukua binti yetu Lusungu, wanakwenda kwa mama yake, kijijini Ikuti, mpaka kiangazi. Nyumba hii, mvua hii, bila wao? Nitakufa.

Jumatano, 13 Aprili

Nina akili, jamani! Nitavutia barazani kwa baba, ng'ambo ya migomba. Tusekile hafiki huko. Kwa mila zetu mke hamsogelei baba mkwe. Akimwona njiani tu, anajificha.

Nilipita dukani kwa Jotham. Tangu biashara iwe huria ana sigara aina saba, chumvi hana. Baba nilipompa moja alikataa katakata, kwamba aliacha zamani. Kisha akavuta tatu, akasema ndaga, asante mwanangu. Tukakaa tunatazama mvua.

Moyo: mzito. Wa baba pia.

Ijumaa, 15 Aprili

Balaa! Mila hazimzuii mjukuu. Jana Lusungu alimpelekea babu yake ndizi, akatukuta barazani. Leo asubuhi, baridi kali, kaweka kijiti mdomoni, kakunja uso, anapuliza mvuke. Mama yake akamuuliza anafanya nini. Akajibu yeye ni baba, asisemeshwe.

Tusekile hakugomba. Afadhali angegomba! Alisema moshi angeuvumilia. Kinachomshinda ni kutazama mgongo wangu miezi mitatu kila mwaka. Akafunga kanga zake kwenye furushi. Nikaapa, nikaitupa paketi chooni mbele yake. Kanipa mpaka Jumapili.

Jumapili, 17 Aprili

Hawajaenda! Tusekile kafungua furushi, kaleta kigoda, kakaa nami mlangoni bega kwa bega, Lusungu magotini kwangu. Tumekula ndizi za kuchoma. Jotham kapita, kateleza kwenye tope na mwavuli wake mpya. Tumecheka mpaka machozi.

Mvua: kubwa kuliko zote. Moyo: mwepesi! Masika gani nimewahi kuwa hivi? Nimelipitia daftari lote kwa makini, nimtafutie Nesi sababu. Nimeipata. Ni ile sigara moja niliyovuta alfajiri nyuma ya choo.

Kesho nitavuta mbili.