Aliyeuza Muda wa Bure

"Usinitolee macho," dada mtu alisema. "Nimekuona. Alfajiri hii hii, barakoa usoni na kisu changu cha kupakia siagi mkononi, unabandua tangazo la serikali kama mtu anayebandua ukoko wa wali!"

"Dada, punguza sauti. Wateja watasikia."

"Wateja wa nani? Wangu wanataka fotokopi. Wako wanataka kuokolewa, na wamemwendea yule yule aliyewasukuma majini!"

Ugomvi huo ulikuwa unaendelea kwenye chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, na wagombanaji walilazimika kusimama upande upande kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na masanduku matatu ya magurudumu, pasi ya umeme, mashine ya kukaushia nywele, kamera mbili, na saa ya mkononi ya daktari wa meno, iliyokuwa imetundikwa msumarini kama nyara ya vita.

"Hivi vitu vya watu virudi leo," dada alisema.

"Si vitu vya watu. Ni ada."

Mtaa mzima ulimwita huyo ndugu yake Balozi, ingawa hakuna nchi iliyowahi kumtuma popote. Alikuja kumsalimia dada yake aliyeolewa ugenini, na viza yake ya utalii ilikuwa ya wiki mbili. Mara ugonjwa ukaingia duniani, viwanja vya ndege vikafungwa, mipaka ikafungwa, na wiki mbili zikawa miezi mitano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli, lakini wahenga hawakuwahi kufungiwa ndege. Dada yake hakuwa na jembe. Alimpa kazi ya kuwasha na kuzima mashine ya fotokopi.

Duka lilitazamana na ofisi ya uhamiaji. Hapo ndipo mkosi ulipoanzia, au bahati, kutegemea unamuuliza nani. Mwezi wa pili wa ugonjwa, ofisi ilibandika tangazo getini: wageni wote ambao muda wao unaisha wameongezewa muda mpaka ndege zitakaporuka tena. Hakuna fomu. Hakuna ada. Hakuna haja ya kufika ofisini.

Mtu mwingine angelisoma, angeshukuru, angerudi zake kulala. Balozi alilisoma mara mbili, akaona kitu ambacho hakikuandikwa: kwamba habari njema kama hii ina kasoro moja tu, nayo ni kusomwa na kila mtu.

Karani alilibandika upya kila jioni kabla ya kufunga. Usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje, kwa hiyo hakuna aliyelisoma isipokuwa paka. Alfajiri amri ilipokwisha, Balozi alivuka barabara na kisu cha siagi. Wageni walipofika saa mbili walimkuta mlinzi tu.

"Someni tangazo," mlinzi aliwaambia.

"Liko wapi?"

"Hapo getini." Mlinzi aligeuka, akalikosa. "Basi upepo."

Na hapo, faili kwapani, sauti laini kama uji wa mgonjwa, alitokea Balozi. "Karibuni, waheshimiwa. Mna tatizo la muda?"

Uzuri wa biashara yake, na tuseme kweli hata kama tunamlaani, ni kwamba haikuwa na mteja wa kulalamika. Aliwapa kadi yenye picha, imeandikwa KIBALI CHA MUDA, imefunikwa plastiki ikang'aa. Nao hawakukamatwa! Wangekamatwaje? Balozi alikuwa anauza mvua wakati wa masika, na kila iliponyesha watu walirudi kumshukuru. Kwa vile wengi walikuwa wameishiwa, alikubali chochote walichobeba. Hata maharusi wawili waliokuja fungate ya siku saba walimpa pasi. Fungate ilikuwa imeingia mwezi wa tano, na siku hizi waliongea kupitia kwake tu.

"Balozi, mwambie huyo asogee, mita moja ni mita moja."

"Mwambie na yeye anilipie nusu ya pasi."

Sasa dada aliiweka mikono kiunoni. "Nani aliyekuandikia barua ya mwaliko?"

"Wewe."

"Na chini ya jina langu niliandika nini? Namba ya leseni ya duka hili. Wewe ukiharibu, wanafunga huku. Watoto wangu watakula plastiki za vibali?"

"Nitavirudisha kesho."

"Leo."

"Dada, fikiria. Kurudisha ni kukiri. Mimi nalilinda duka lako kwa kutokurudisha."

Dada aligeuka. Akaenda mbele kuhudumia wateja bila neno. Yeyote anayewajua wanawake wa ukoo ule angekiogopa kimya hicho kuliko kelele zote zilizotangulia. Balozi aliona ameshinda. Akachukua saa ya daktari msumarini, akaivaa.

Mchana aliingia mama mmoja mnene, miwani puani, mkoba mkubwa begani. Alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza akiwa mchanga, na sasa mjukuu alikuwa anaota meno. Kwao alifundisha shule miaka thelathini, na kila mwaka alisimamia mitihani, kwa hiyo wageni wenzake walimwita Msimamizi.

"Shikamoo, mama," Balozi alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Balozi?"

"Ndiye mimi."

"Wa nchi gani?"

"Wa wanyonge, mama."

"Ahaa. Nchi kubwa hiyo." Alikaa bila kukaribishwa. "Hicho kibali chako, nikiwa nacho sikamatwi?"

"Hukamatwi. Ni uhakika, kama jua kuchomoza."

"Na asiyekuwa nacho, anakamatwa?"

Balozi alikohoa kidogo kutafuta jibu. Siku zile hukohoi mbele za watu bure. Kila aliyekuwa dukani aliruka hatua mbili nyuma, na Balozi mwenyewe, kwa mazoea, akaruka nao.

"Mama, si kwamba anakamatwa," alisema mambo yalipotulia, "lakini atalalaje? Mimi nauza usingizi."

"Wanafunzi wangu pia waliuza usingizi. Majibu ya mtihani, usiku wa kuamkia mtihani. Unajua niliwakamataje?" Alivua miwani akaifuta. "Sikuwakamata. Niliwaachia wauziane majibu ya mtihani wa mwaka uliopita. Haya, ngoja nikatoe fotokopi, nitafikiri."

Akaenda kwenye kaunta kwa dada. Walikaa huko muda mrefu. Kutoka chumba cha nyuma Balozi alisikia mashine ikilia, kisha vicheko. Mambo ya watoto wachanga hayo, alijiambia, akaendelea kupanga masanduku.

Kesho yake, Ijumaa, alivuka barabara alfajiri kama kawaida. Kisu kikapita chini ya karatasi, karatasi ikatoka nzima. Alikuwa anaikunja alipoona wekundu. Tangazo la siku zote halikuwa na wekundu. Hili lilikuwa na muhuri kama jeraha, na maneno yalikuwa machache:

KILA MGENI AFIKE MWENYEWE DIRISHANI. MWISHO NI LEO IJUMAA, SAA SITA MCHANA. ASIYEFIKA AMEKAA KINYUME CHA SHERIA, NA BIASHARA YA ALIYEMWALIKA ITAFUNGWA.

Balozi aliyasoma tena. Miezi mitatu alikuwa amewaambia watu kwamba muda wao unaisha, na siku zote hizo hakuwahi kufikiri kwamba na yeye ana muda. Aliona leseni ya duka ikichanwa. Aliona shemeji yake, mtu mpole asiyepandisha sauti, akimfungulia mlango na kumwonyesha barabara.

Aliitia karatasi mfukoni, akarudi kuchukua pasipoti. Ilikuwa chini ya godoro la watoto, na watoto walikuwa juu ya godoro. Mpaka anaipata, anavaa viatu, anavuka tena, foleni ilikuwa imeshapinda kona, na ilipofika saa tano ilikuwa haijasogea hata hatua moja. Mbele yake wote walikuwa wateja wake: daktari wa meno, maharusi wakiwa mita moja na nusu mbalimbali, mpiga picha, na wengine kama ishirini. Msimamizi alitembea pembeni yao akiwa na daftari na penseli, polepole, kama anatafuta karatasi zilizofichwa sokisini.

"Namba yako?" alimuuliza Balozi.

"Namba gani, mama?"

"Orodha tuliiandika jana. Wasio na namba ni Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimeshachelewa!"

"Kwenye mtihani anayechelewa hapewi karatasi."

"Mama yangu, nakuomba. Si kwa ajili yangu. Dada yangu ana watoto watatu, duka ndilo baba na mama."

Kwa mara ya kwanza tangu afungue biashara yake, Balozi alikuwa anasema kweli. Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayeongea lugha ya shule. Msimamizi alimtazama juu ya miwani.

"Namba tatu iko wazi," alisema. "Nimemwekea mtu mwenye moyo safi. Unao?"

"Ninao, mama."

"Uko wapi? Maana nasikia uko kwenye chumba cha nyuma, umepangwa ndani ya masanduku matatu."

Balozi alipiga hesabu haraka, kama wajanja wote wanapobanwa. Vitu vitapatikana vingine, duka halipatikani. Akavuka barabara mbio. Na hapa angeshtuka, lau akili yake isingekuwa kwenye saa sita. Dada alikuwa ameshaazima mkokoteni, na ulisimama mlangoni umefunguliwa nyuma.

"Nilidhani utauhitaji," dada alisema. Hakueleza zaidi.

Walipakia pamoja. Balozi aliusukuma mkokoteni kando ya foleni, akigawa huku anahema, na Msimamizi akiweka alama ya vema kwenye daftari kila kitu kilipomfikia mwenyewe.

"Kamera, sawa. Masanduku, sawa. Pasi."

"Mpe huyo," bibi harusi alisema.

"Mpe mwenyewe," bwana harusi alisema.

"Ishikeni wote!" Msimamizi aliamuru, nao wakaishika, mmoja kwenye mpini na mmoja kwenye waya, wakatazamana kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Saa," daktari wa meno alisema, amenyoosha kiganja.

Balozi aliivua. Ilisema saa tano na dakika arobaini.

"Namba tatu, pita," Msimamizi alisema.

Ndani kulikuwa baridi na harufu ya dawa ya kunawia mikono. Mlinzi alimpima joto kipajini, akamwelekeza kwenye kioo. Nyuma ya kioo karani alikuwa anakunywa chai peke yake, bila dalili yoyote ya mtu aliye na foleni nje.

"Namba tatu, mama," Balozi alisema, akishusha pumzi.

"Hapa hatutumii namba. Shida yako?"

"Nimefika mwenyewe kuongeza muda. Kabla ya saa sita."

"Muda gani? Wageni wote mliongezewa zamani. Bure. Mnakatazwa kuja, na bado mnakuja."

"Lakini leo ndiyo mwisho!"

"Mwisho wa nini?"

Mkono wa Balozi ulikuwa mwepesi kuliko akili yake, ndiyo maana aliishi mjini. Kabla hajafikiri ulishaingia mfukoni, ukatoa karatasi, ukaibandika kwenye kioo. "Si mmeandika wenyewe hapa?"

Karani alisoma. Akaweka kikombe chini. "Umeitoa wapi?"

"Getini."

"Umeitoa. Getini." Karani alimtazama kwa makini. "Kwa hiyo ule upepo ni wewe."

Balozi aligeuka kutazama nje kupitia mlango wa kioo. Foleni haikuwepo. Watu waliokuwa wakisubiri kwa hofu dakika tano zilizopita walikuwa wanatawanyika kwa raha, mizigo mikononi, kama watu wanaotoka sokoni. Msimamizi alikuwa anachana ukurasa wa daftari. Hapo ndipo taa ilipowaka kichwani mwa Balozi, na mwanga wake ulikuwa mkali. Aliyewauzia watu kitu cha bure alikuwa amenunua kitu cha bure, na amelipa kuliko wote. Walimwingiza mjini mchana kweupe, na mji wenyewe ulikuwa wake!

"Kubandua tangazo ni faini ndogo," karani alikuwa anaendelea. "Lakini hili si letu. Muhuri huu si wetu. Kughushi tangazo la serikali wakati wa janga ni jela, na mashine iliyochapa inachukuliwa pamoja na duka lake. Nani amechapa hii?"

Ni mtu mmoja tu mwenye mashine aliyewahi kumwona Balozi akibandua tangazo alfajiri. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka ng'ambo ya barabara, tena hacheki. Alikuwa ameiona karatasi kwenye kioo. Mkono ulikuwa mdomoni.

Ukweli ungemtoa Balozi pale akiwa msafi, mtu aliyedanganywa, mwathirika halali kabisa. Maneno yenyewe ni machache: ni dada yangu. Aliyapima ulimini.

"Nimeuliza nani amechapa," karani alisema, akinyanyua simu. "Pitisha hiyo karatasi hapa chini, mkubwa aje aione."

Balozi aliibandua kwenye kioo. Akaikunja mara nne. Akashusha barakoa, akaitia yote mdomoni.

"Wewe!" karani alipiga kelele.

"Barakoa!" mlinzi alifoka kutoka mlangoni. "Barakoa juu, bwana! Humu ndani haishushwi!"

Balozi alitafuna. Karatasi ilikuwa nene, maana dada hakuwa mtu wa kubania karatasi, na wino wa muhuri ulikuwa mchungu kama kwinini. Ilikataa mara ya kwanza. Ilikataa mara ya pili, machozi yakamtoka. Mara ya tatu alifumba macho, akanyoosha shingo kama bata, ikashuka.

Akapandisha barakoa, akaiweka sawa puani.

"Karatasi gani, mama?" akauliza.