Duka la Dawa la Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amefaulu! Fundi sanifu wa dawa, stashahada mkononi, na tumbo lililomzaa ni hili hili. Majirani wote wamejua kabla sijanawa uso. Wifi yangu akauliza, kwani huyo si muuza vidonge tu? Nikamwambia kijicho nacho kina dawa yake, aje Ijumaa apimiwe kwa kijiko. Maana nafungua duka sebuleni.

Jumanne, 4 Machi
Nimepigwa na butwaa. Binti anasema kumaliza chuo si leseni. Kuna mtihani wa baraza la wafamasia, kisha kuandikishwa, na hata hapo atafanya kazi chini ya mfamasia. Chini! Mtoto wangu mimi. Akanisihi niache: akishikwa anatoa dawa bila leseni, hataipata maisha yake. Nikamwambia haya, mwanangu, nimesikia. Lakini rafu zimeshapigiliwa, na rafu tupu ni aibu. Mfagizi wa hospitali kanipa maboksi ya dawa yaliyotupwa. Nimeyapanga kwa rangi. Yanapendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Sijapata kuona. Mwanamume mwenye shati la pasi kapiga hodi, anakohoa. Nani anatoa dawa hapa? Moyo ulisema nyamaza, mdomo haukungoja. Nikamwambia ni binti yangu, anaizidi hospitali nzima, leseni ni mapambo tu. Akatoa kitambulisho. Mkaguzi wa baraza. Binti akatokea jikoni, midomo imemkauka, machozi yanamlenga.
Mkaguzi akafungua boksi. Tupu. Jingine, tupu. Jingine, vifungo vyangu vya kushonea. Akauliza, mama, hasa unauza nini? Nikamjibu ukweli: sifa za mtoto wangu. Akacheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli. Akamwambia binti akafanye mtihani wake kwa amani, ila mama atiwe breki.
Aliyemwita namjua. Wifi alikuwa dirishani muda wote.

Jumamosi, 8 Machi
Binti hasemi nami tangu juzi. Nimekaa, nimewaza, nimeona kosa liko wapi: nyumba hii haina mfamasia. Na hospitalini anakojifunza kazi yupo mmoja, bosi wake, kijana mtaratibu, hajaoa. Nimempigia simu, nikamwambia binti anamwalika chakula. Binti bado hajui, atafurahi akimwona. Nimewaita na majirani wote washuhudie, hata wifi, akae mbele. Kinyozi wa mtaani analeta viti. Ni kesho Jumapili, adhuhuri.