Gitaa la Besi Lililotakiwa Kuleta Barua ya Mtaa

Jumatano, tarehe 15 Mei 2024. Asubuhi hiyo Bagamoyo kulikuwa na manyunyu mepesi, masika yakiaga bila haraka, na upepo ulikuwa unahangaika na tangazo jipya kwenye mlango wa Kamati ya Uhakiki wa Vitu vya Watu Mashuhuri. Tangazo lilisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitu chochote mjini kitakachoruhusiwa kuwa cha mtu mashuhuri mpaka kithibitishwe kwa maandishi, nakala tatu.

Adamu, katibu wa Kamati, alilibandika mwenyewe baada ya kusema bismillahi. Alikuwa mtu wa sala tano na mafaili yaliyonyooka, na aliamini kwa dhati kwamba anayefuata utaratibu hawezi kupotea, hapa duniani wala kesho akhera.

Kamati ilikuwa na kazi nzito. Ukumbi mpya wa muziki ulikuwa unafunguliwa mwezi unaofuata, na ukutani paliachwa nafasi ya gitaa la besi la marehemu Mwinjuma Kaniki, yule aliyetamba na bendi ya Mkadini Jazz. Marehemu alikuwa na gitaa moja tu maishani mwake. Kamati ilikuwa imeshapokea manne. La kwanza lilikuwa bado na karatasi ya bei ya duka. La pili lilikuwa zeze. La tatu mwenyewe alilifuata jioni ya siku aliyolileta, akasema wanawe wanalililia.

La nne lililetwa na Bi Raya, mjane wa marehemu, likiwa limefungwa kwenye khanga. Yeye hakufuata ile nafasi ya ukutani. Tangu mumewe afariki, maneno yalikuwa yanazunguka barazani kwamba gitaa lile Mwinjuma aliliiba, na mwanamke huyu alitaka jina la mumewe lisafishwe, basi. Ila kanuni ilisema gitaa litakaloshindwa uhakiki litateketezwa kwa moto, ili lisiendelee kuudanganya umma.

Masharti yote alikuwa ameyatimiza. Gitaa lilikuwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ikieleza kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi halali na tabia yake ni njema. Lilikuwa na picha mbili za pasipoti. Za mwanzo zilikataliwa kwa sababu masikio hayakuonekana, Bi Raya akarudi studio.

Adamu alimwamkia, akaitikiwa. Kisha Bi Raya akamgeukia mwenyekiti, Mheshimiwa Abdullatif, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chenye taulo mgongoni.

"Shemeji, hujambo?"

"Mama, hapa hakuna shemeji," alisema Mheshimiwa bila kuinua macho. "Hapa kuna kiti."

Uchunguzi ukaanza. Mtaalamu wa Kamati alikuwa Bwana Vasant, muuza vifaa vya ujenzi, aliyeteuliwa kwa sababu ndiye pekee mwenye redio kubwa. Aliligeuza gitaa, akaligonga, akasema mbao ni nzuri na zingefaa hata mlango. Mheshimiwa akahesabu nyuzi, akahesabu tena.

"Gitaa lina nyuzi sita," alitamka. "Hili lina nne. Andika, katibu: nyuzi mbili zimetoweka katika mazingira ya kutatanisha."

Bi Raya alieleza kwa upole kwamba besi huwa na nyuzi nne, hata huko Ulaya linakotengenezwa. Mheshimiwa akamjibu kwamba hayo ni maneno ya mdomo, hayana muhuri. Alipoulizwa mumewe alilipataje, Bi Raya alisema alipewa kama ujira wa kupiga muziki harusini, siku tatu mfululizo.

"Harusi ya nani?" aliuliza Adamu, kalamu tayari.

"Mwenyewe anajijua."

Mheshimiwa alikohoa. Aligeuza gitaa akaonyesha namba iliyoandikwa nyuma kwa rangi nyeupe, kama zinavyoandikwa viti vya ofisini: KBU/GT/07. Akatoa hotuba ndefu kuhusu utawala bora. Alisema kitu chenye namba lazima kiwe na kumbukumbu, na kisipokuwa na kumbukumbu ni cha uongo, kichomwe Ijumaa kabla ya swala. Namba ile ilikuwa ya Klabu ya Burudani ya Umma, ambayo ilikufa zamani, na mafaili yake yalitupwa kwenye stoo moja huko Lugoba. Kila mtu alijua paa la stoo ile linavuja. Mheshimiwa alilijua kuliko wote.

Asichokijua ni aina ya katibu aliyenaye. Adamu aliagizwa atafute kumbukumbu, na kwake kutafuta kulimaanisha kutafuta. Alipanda basi, akaomba dua mlangoni pa stoo, akafukua kutwa nzima huku akipiga chafya. Ijumaa asubuhi alirudi na faili moja kavu kabisa. Lilikuwa limehifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mtumishi makini wa klabu aliyelihifadhi aliandika juu namba ya gitaa.

Kamati iliketi. Kiberiti kilikuwa mezani. Adamu akasimama akasoma kila neno, kwa sababu kanuni ilikataza muhtasari.

"Gitaa la besi KBU/GT/07, mwaka 1986. Limefutwa kwenye orodha. Sababu: limeliwa na mchwa, lote pamoja na nyuzi. Aliyethibitisha: Abdullatif, Ofisa Burudani."

Bwana Vasant aliinua kichwa. "Mchwa wa kula waya? Miaka thelathini nauza dawa ya mchwa, hao sijapata kuwaona."

"Kuna kiambatisho," aliendelea Adamu, ambaye alikuwa bado hajaelewa anachokifanya. "Mimi Mwinjuma Kaniki nimepokea gitaa la besi, ujira wa kupiga harusi ya Ndugu Abdullatif, siku tatu."

Hapo ndipo alipoelewa. Akaketi, akasema astaghfirullah kimoyomoyo, asijue amwombee nani.

Mheshimiwa alijifuta jasho kwa ile taulo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba basi gitaa ni mali ya umma, litaifishwe. Adamu akafungua kanuni kwa heshima zote. Kwa mujibu wa kumbukumbu, alisema, gitaa hilo halipo tangu 1986, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kutaifishwa. Wala kuchomwa. Mheshimiwa akapendekeza iundwe kamati ndogo. Adamu akamkumbusha kwamba kanuni ya tisa, aliyoitunga Mheshimiwa mwenyewe, inataka uamuzi utamkwe siku hiyohiyo mbele ya mashahidi watano. Alihesabu waliopo, akatoka nje akaita madereva wawili wa bajaji na mama muuza maandazi.

"Mimi nyaraka zako sizihitaji, shemeji," alisema Bi Raya. "Sema kwa mdomo wako, na hawa wasikie."

Mheshimiwa Abdullatif akasimama. Akavua kofia.

"Naahidi mbele yenu," alisema, "siku ya ufunguzi nitashika kipaza sauti niwaambie watu kwamba gitaa hili Mwinjuma hakuliiba. Nilimpa mimi, kwa mikono yangu. Na mchwa..." Akawatazama mashahidi mmoja mmoja. "Mchwa hawahusiki."