Ombi la Kutambuliwa Kuwa Kompyuta

Kwa Mkurugenzi wa Utumishi,
Kwa mkono wa mama wa chai

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUONEWA NA MASHINE

Pokea heshima zangu kabla hujakasirika. Mimi ni mpiga chapa wa chumba namba nne, yule mnayemwita Mzee Kengele kwa sababu ya mlio wa taipureta yake. Nimechapa barua za ofisi hii miaka kumi na tisa. Tangu kompyuta ya kwanza iwasili, nimeambiwa nijiandae kuhamia stoo. Imeniuma sana, na hapa sifanyi mzaha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji anapelekwa kuhesabu mifagio. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta imepewa kiyoyozi, zulia na pazia, na anayeingia kwake huvua viatu. Kwangu watu huingia na matope hadi mezani, na feni ilikufa enzi za mtangulizi wako.

2. Ilipopata virusi, ilipumzishwa wiki mbili na fundi akaitwa kutoka makao makuu. Nilipopata malaria, niliambiwa nimeze vidonge huku nachapa.

3. Karani wa masjala alipoletewa disketi iliyohifadhi barua za kompyuta hiyo, aliitoboa matundu mawili, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaifunga jaladani kama kanuni zinavyotaka. Idara nzima iliisikitikia disketi. Karani alipata barua ya onyo. Niliichapa mimi.

4. Umeme ukikatika, yenyewe hukaa kimya na hakuna anayeiita mvivu. Mimi nikipumzika kidogo, naulizwa kama vidole vyangu navyo vinatumia umeme.

Kwa hiyo naomba nitambuliwe rasmi kuwa kompyuta. Kumbukumbu ninayo: nakumbuka hata barua zote ulizokana kuziandika. Mke wangu yuko tayari kushona kitambaa cha kunifunika saa za kazi zikiisha.

Nisalimie naibu wako, dereva, na shemeji huko nyumbani.

Wako mtiifu, ambaye bado hajazimwa,
Mpiga Chapa, Chumba Na. 4

N.B. Barua hii nimeichapa kwa kompyuta hiyo hiyo, wenzangu walipokwenda kula. Nilikosea mara kumi na saba, nayo ikayafuta makosa yote bila kubakiza hata doa. Miaka kumi na tisa nakwangua makosa kwa wembe, jamani! Tafadhali yapuuze yote niliyosema hapo juu. Taipureta ndiyo iende stoo. Mimi niacheni humu nayo.