Frittata ya Nunzio

Wallahi hamtaamini kilichotokea Jumatatu ya Pasaka kwenye baa ya kahawa, pale Castellammare!

Nunzio kaingia na frittata yake, kile kimanda cha mayai na tambi, kaifunga kwa foili, kaikumbatia kama mtoto mchanga. Ya kwenda nayo pikiniki mlimani, mama wa mchumba wake Immacolata aionje kisha aseme kama binti anaolewa au haolewi.

Sabatino Kibonge alikuwa anaperuzi simu. "Oyaa! Kuna mpishi wa Milano anasema frittata inaokwa kwenye oveni!"

Catello Sharubu nusura apaliwe na kahawa. "Kwenye nini? Jina lenyewe limetoka kwenye kukaanga! Frittata maana yake kilichokaangwa! Unakaanga, unafunika kwa sahani, unageuza. Mkono ukitetemeka, rudi kwa mamako!"

"Sasa don Catello," Nunzio akauliza kwa sauti ya kuku mgonjwa, "ikiokwa inakuwa nini?"

"Inakuwa keki ya msiba!"

Macho yote kwenye foili. Sharubu akaifunua pembeni, akanusa. "Nunzio! Umeoka!"

"Naogopa kugeuza! Ya kwanza iliishia kichwani kwa paka!"

"Huoi mtu wewe!" Kibonge akacheka mpaka tumbo likagonga meza.

Mara mlango, pwaa! Donna Ersilia, mama mkwe mtarajiwa, na frittata yake mkononi. Sharubu akadaka kipande hata hajakaribishwa. "Mmh! Hii ndiyo imekaangwa! Onja, Nunzio, ujifunze!"

Donna Ersilia akamega ya Nunzio. Akatafuna. Akatafuna tena. Kisha akamvuta sikio, akanong'ona:

"Oveni, eh? Usitetemeke. Hata yangu ni ya oveni. Tangu bega lianze kunisumbua sijageuza kitu. Ukimwambia mtu, Immacolata utamwona kwenye picha."

"Kakwambia nini, Nunzio?" Sharubu akadakia.

"Nimemwambia anayeoka si mtu!" Donna Ersilia akajibu, kajishika kiuno. Baa nzima ikampigia makofi.

Sharubu akapanda juu ya kiti, kipande cha mama mkwe mkono huu, cha Nunzio mkono ule. "Haya kijana, kiri mbele ya watu! Ipi hapa ni frittata ya kweli?"

Donna Ersilia kamkodolea macho kama tochi. Sharubu anasubiri.

We msomaji, ungekuwa Nunzio, ungesemaje?