Kombi la Bi Hiltrud

Siku Volkmar Tietz alipoliona kombi la Bi Hiltrud Ahrens, alisahau kumeza mkate. Lilikuwa jeupe juu na kijani chini, lenye madirisha mengi kama chekecheke, la miaka ile ambayo watu wa Hannover huitaja wakivua kofia. Mkusanyaji wa magari mwenye fedha zake angelitolea nyumba. Na mwenye nalo ni mjane aliyestaafu duka la dawa, mwanachama mgeni wa klabu ya magari ya zamani, anayeuliza watu oili humiminwa wapi.

"Mungu hamtupi mja wake," Volkmar alijiambia, naye hakuwa amemkumbuka Mungu tangu kipaimara.

Kazi ya Volkmar, kama ni kazi, ilikuwa kuyatabiria kifo magari ya watu. Zile injini za zamani zisizotumia maji, zinazopozwa na upepo wa feni tu, zina visa vingi, na mwenye gari akishaingiwa na hofu humuuzia yeye kwa bei ya huruma. Yeye mwenyewe alikuwa na kitu kimoja tu alichokipata kwa halali: kigari cha marehemu mama yake, cha rangi ya krimu, chenye mgongo wa kobe, ambacho hakijawahi kumwangusha. Alikipenda kuliko alivyompenda mama mwenyewe.

Jumapili ya msafara, wenzake walipokuwa wakinywa kahawa mjini Goslar, alizunguka nyuma ya kombi, akafungua kifuniko na kushindilia tambara mdomoni mwa feni. Injini isiyopumua itachemka, petroli itageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, na milima ya Harz itamalizia kazi.

Ikamalizia kweli. Katikati ya mwinuko kombi lilikohoa, likanyamaza, likatoa harufu ya oili iliyoungua. Msafara mzima ukasimama, maana katika klabu ile kumwacha mwenzio njiani ni dhambi kuliko kumwacha mkeo. Wazee wakaiinamia injini, kila mmoja na ugonjwa wake.

"Plagi hizo."

"Plagi gani? Pampu ya mafuta hiyo."

"Mnahangaika bure. Bana vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli. Vya mbao lakini, si vya plastiki. Vinanyonya joto."

Hapo hakuna aliyebisha. Baba zao walivibana, nao wanavibana, na haijawahi kujulikana kama vinasaidia. Bomba likabanwa hadi likafanana na kamba ya kuanikia. Kombi halikuwaka.

Volkmar alingoja wote wakosee, kisha akaweka sikio kwenye injini na kufumba macho.

"Bi Hiltrud, nikufiche au nikwambie?"

"Niambie tu, mwanangu. Nimeshazika mume."

"Basi umezika tena. Hii imekufa."

Bi Hiltrud alitoa leso. Volkmar akawageukia wazee. "Nyinyi tangulieni, keki ya cheri haimngoji mtu. Mama nitabaki naye mimi." Wakaondoka, dhambi ni dhambi, lakini keki nayo ni keki.

"Sasa mimi nitafikaje nyumbani?" aliuliza mjane.

"Chukua kigari changu. Tubadilishane kabisa, maiti nibaki nayo mimi. Marehemu mama atanilaani nikikuacha hapa."

"Utapata hasara, mwanangu."

"Hasara roho, mama. Vitu hutafutwa."

Bi Hiltrud akafungua mkoba, akatoa hati ya kombi, mkataba wa kubadilishana na kalamu. Mtu mwingine angejiuliza ni mjane gani anayekwenda matembezi ya Jumapili na mkataba mkobani. Volkmar alisaini upesi asije mama akaghairi. Kigari cha krimu kikapotea kwenye kona.

Akafungua kifuniko na kuingiza mkono kuchomoa tambara lake. Halikuwamo. Akapapasa tena, akalala chini, akamulika kwa simu. Halikuwamo, na kwa jinsi feni ilivyokuwa safi, lilikuwa limeshatolewa kabla hata ya kutoka Goslar. Injini ilijichemkia yenyewe. Akachomoa kijiti cha oili. Kilimeta vumbi la chuma: injini ilikuwa imejisaga kweli.

"Bodi ipo," alijiliwaza. "Bodi peke yake ni dhahabu."

Dereva wa gari la kuvuta aliyemwita kwa simu, jamaa mnene aitwaye Jörn, alifunga mnyororo mbele na kuvuta. Pua ya kombi ikaja peke yake, na puti kavu iliyoziba kutu ikamwagika barabarani kama unga.

"Hili hufungwa nyuma, nilisahau," Jörn alisema. "Na hii ni mara ya tatu."

"Ya tatu ya nini?"

"Kulivuta toka mlima huu. Wenyewe tu ndio hubadilika."

Volkmar aliketi ukingoni mwa barabara akalia, machozi ya kweli, kwa ajili ya kigari cha mama yake. Alifikiria polisi, akafikiria pia angewaeleza nini.

"Nikupeleke wapi?" Jörn aliuliza. "Bi Hiltrud hulinunua tena, kama chuma chakavu. Ana roho nzuri yule. Huwapikia kahawa hao waliobadilishana naye, halafu huwaomba wamsaidie kulikarabati."

"Na wanakubali?"

"Wana gari gani la kuondokea? Wawili wako huko sasa hivi, wanapiga msasa."