Numero Moja Ziko Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimekuwa mkubwa wa maji ya kambi ya Dzaleka nzima!

Sawa. Si nzima. Robine tano tu, bomba za upande wetu. Na si mkubwa: nashika kaye, daftari tu. Lakini kaye ina jalada gumu, na kalamu ni yangu.

Merveille njo amenichagua. Huyu binti amesoma kompyuta, na amefunga kisanduku kwenye tanki la kila robine. Tanki likipungua, kisanduku kinaita, mashine kubwa kwenye nyumba ya pompi inasikia, inasukuma maji. Visanduku vyote vitano vinaongea juu ya waya moja. Huo waya anauita basi. Nikamuuliza linapaki wapi. Hakucheka. Akasema kila kisanduku lazima kiwe na numero yake peke yake. Kazi yangu ni kuandika numero gani ni ya nani, visije viwili vikawa na numero moja hata siku moja.

Nikamwambia hilo mi naelewa kuliko yeye. Kwenye foleni ya maji, bidon mbili zikiwa na alama moja, kinachofuata ni ngumi.

Akafurahi. Akasema papa Balagizi, njo mimi, ana akili. Akanipa na funguo ya visanduku. Kosa la kwanza, tuandike wazi, ni lake.

Ofisi iliyotoa vifaa inakuja Jumamosi kuangalia. Kama vinafanya kazi, vinabaki. Kama havifanyi, wanafungua kila kitu wanapeleka kwingine, na sisi tunarudi kwenye ile pompi ya mkono kule chini. Mke wangu, mama Bienvenu, ameshaniambia nani atabeba bidon. Si yeye.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimegundua siri! Visanduku viwili vikiita pamoja, mwenye numero ndogo njo anasikilizwa kwanza. Mwenye kubwa anangoja. Merveille alisema hivyo akifunga kamba ya kiatu, kama vile si kitu!

Nikafungua kaye. Moja: robine ya chekechea, kwa Epiphanie, yule mama anayepikia batoto uji. Mbili: kanisa. Tatu: Ndikuriyo, kinyozi. Nne: soko. Tano: sisi.

Tano! Mimi mwenye kaye!

Ndani ya kisanduku kuna meno madogo meupe. Unasukuma moja juu, unasukuma lingine chini, numero inabadilika. Nimetumia pini ya nywele ya mama Bienvenu. Epiphanie sasa ni tano. Sisi ni moja. Uji hata ukichelewa, bado ni uji.

Kugeuka, Ndikuriyo huyu hapa! Amesimama nyuma yangu anatafuna muwa. Akaniuliza, muzee, hiyo pini unachokonoa meno ya nani? Nikasema natengeneza. Akasema basi na yeye atengenezwe, maana sauti yake inafika kwa Epiphanie bila waya. Nikimpa numero moja, kesho ananinyoa ndevu bure.

Nikafikiri kidogo. Kidogo kabisa. Numero si mkate kwamba ukigawa inaisha. Nikampa moja na yeye.

Kwenye kaye nimeacha kila kitu kama zamani. Kaye safi.

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi kwenye kiti cha Ndikuriyo. Povu mpaka masikioni. Amemaliza shavu la kulia, ananisifu, ananiita directeur. Akaenda robine kuchota maji ya kusuuza wembe. Robine ikakohoa. Ikatema hewa.

Akarudi na kikombe kitupu. Akaniangalia. Nikasema labda ni hapa kwake tu. Saa ile ile mama Bienvenu akapita na bidon tupu. Nyuma yake bantu wa kanisa. Nyuma yao bantu wa soko. Robine tano, zote kavu!

Ndikuriyo akafunga wembe. Akasema directeur wa ukame hanyolewi hapa. Nikamwomba amalize tu kushoto. Akazima redio, akaingia ndani.

Povu limenikaukia usoni. Maji ya kulitoa hakuna.

Halafu Epiphanie akaja na mwiko, ule mrefu wa sufuria ya batoto tisini. Akasema uji haukupikwa, batoto wamerudi nyumbani na njaa, na yeye anatafuta mtu. Hakusema nani. Aliangalia shavu langu lenye ndevu, akaangalia lisilo na ndevu, kama anachagua.

Merveille ameshinda ndani ya nyumba ya pompi. Anasema mashine inasikia kelele tu, kisha inaziba masikio. Akaomba kaye. Akaisoma mara mbili. Kila mtu na numero yake. Akasema basi mashine njo imekufa, na Jumamosi ni keshokutwa ya kesho. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mi nikakohoa. Kukohoa si uongo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Lilongwe! Merveille alipata barua ya ruhusa ya watu wawili kutoka kambini, tukapeleka mashine kwa Rémy, fundi wa mtaa wa Area 49, mtoto wa Bukavu kama mimi. Kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara kubwa, mashine juu ya mapaja yangu. Kilo zake sitaki kukumbuka.

Njiani ningeweza kusema. Nilipata nafasi kumi na mbili, nimezihesabu. Kila mara namwangalia binti, macho mekundu, kichwa kinaanguka. Nikaona ni huruma kumwamsha.

Mji mzima unaangalia ndevu zangu nusu. Muuza mandazi mmoja aliniambia zikomo, njo asante yao, kabla sijanunua, ili niondoke.

Rémy akafungua mashine, akapima, akasema haina ugonjwa wowote. Akasema kelele hizo zina maana moja: visanduku viwili vina numero moja, vinaongea pamoja kwa jina moja, hakuna anayesikika. Merveille akasema haiwezekani, kaye ya papa Balagizi ni safi. Rémy akasema kaye ni karatasi tu. Meno ndani ya kisanduku yanaguswa na yeyote, hata mbuzi.

Mbuzi!

Nikasimama. Nikamwambia mbuzi hawezi kushika pini ya nywele! Kazi ile inataka mkono wa mtu mzima, macho mazuri na uvumilivu!

Rémy akaweka bisibisi chini.

Merveille hakupiga kelele. Bora angepiga. Akaniuliza kama najua amelala masaa mangapi tangu jana. Kisha akanyoosha mkono. Kaye. Funguo. Pini.

Kurudi, mashine nimebeba peke yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Walikuja. Wawili, na kofia. Merveille alishapanga meno yote upya jana. Akafungua robine zote pamoja, matanki yakashuka, visanduku vikaita. Chekechea ikajaa kwanza. Kanisa. Ndikuriyo. Soko. Sisi wa mwisho, lakini tulijaa! Wageni wakaandika, wakapiga foto, wakasema vifaa vinabaki. Mama Bienvenu akapiga vigelegele. Merveille akaketi chini pale pale kwenye tope, akacheka, akafuta macho. Mi pia nilipiga makofi. Nyuma ya choo. Epiphanie njo aliniweka huko, ili wageni wasione uso wangu.

Halafu Merveille akatangaza mshika kaye mpya.

Ndikuriyo! Mtu anayeandika saba kama ndoano! Ameipokea kwa mikono miwili. Funguo ameitundika kwenye msumari, kando ya kioo chake cha kunyolea, kila mteja aione.

Jumapili, 12 Oktoba

Pasta amehubiri juu ya majivuno. Nadhani alikuwa anamsema Ndikuriyo.

Mi nilikuwa nafikiria maneno ya Rémy. Pale Area 49, walipokuwa wamenisahau kwenye kona, alimwambia Merveille iko numero ndogo kuliko moja. Sifuri. Akasema hiyo haipewi mtu, ni ya mashine kubwa yenyewe, inapotaka kuamuru wote.

Kaye nzima naikumbuka kwa kichwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sifuri haiko! Inakaa bure! Na safari hii hakuna kugawa. Sifuri moja tu, yetu. Nani atagombana nayo? Mama Bienvenu ana pini nyingine.

Nimemwandikia Ndikuriyo kikaratasi, kwa heshima zote:

Jirani, tulipatana ndevu kwa numero. Numero nilikupa. Waya ukikataa, si mimi. Shavu la kulia nimelipata, asante, la kushoto bado nakudai. Kesho asubuhi nakuja. Kiti kisogeze karibu na kioo, upande wa msumari. Na ukienda robine kuchota maji ya kusuuza wembe, nakuomba, usiharakishe.